Motokaa Isiyoitika: Dalili za Stata Inayochoka



Ukurasa huu ni wa mambo ya nyumba na ya kazi, na aghalabu twanena humo habari za migomba, za kahawa, za maji safi na za malezi ya watoto. Mwezi huu twapenda kunena habari ya motokaa. Huenda mmoja akauliza, Je, motokaa nayo ni jambo la jamaa ya Kikristo? Twajibu, Ndiyo. Siku hizi katika Bukoba na Muleba ziko nyumba zenye motokaa; na nyumba isiyo nayo huenda ina jirani aliye nayo. Huyo ndiye agongewaye mlango usiku, mama akishikwa na uchungu au mtoto akipatwa na homa kali, ili wapelekwe Rubya, au Ndolage, au Kagondo, au hospitali ya serikali mjini Bukoba. Basi chombo hicho si mali ya fahari tu; ni amana, na amana yataka kutunzwa.

Katika viungo vyote vya motokaa tumechagua kimoja, nacho ni stata, yaani ule mtambo mdogo wa umeme unaoiamsha injini. Tairi likichakaa laonekana kwa macho, na breki zikilegea mguu huzitambua. Lakini stata imefichwa, nayo hufanya kazi nukta chache tu kwa siku, hata watu wengi huikumbuka siku ile inapokataa. Wahenga wetu walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Stata nayo ina mawingu yake, na nia yetu ni kuyaonyesha, ili msomaji ayajue kabla mvua haijamkuta njiani.

STATA NI NINI

Mtu hawezi kutambua ugonjwa wa kitu asichokijua. Injini ya motokaa haiwezi kujianza yenyewe. Sharti kwanza izungushwe na nguvu nyingine, ivute hewa na mafuta, iyabane, ndipo iwake na kuendelea kwa nguvu zake. Hapo zamani nguvu hiyo ilikuwa mkono wa mtu. Dereva alisimama mbele ya motokaa, akatia hendeli ya chuma, akaizungusha. Na injini ikirudi nyuma ghafula, hendeli ilimpiga, ikaweza kumvunja mkono au taya. Huko Marekani, katika mji wa Dayton, mtu mmoja jina lake Charles Kettering alitafuta pamoja na wenzake njia ya kuondoa taabu hiyo, na motokaa za Cadillac za mwaka 1912 zikatoka zikiwa na stata ya umeme.

Kettering huyo hapo kwanza alikuwa ametengeneza mota ndogo ya umeme kwa ajili ya mashine za kuhesabia fedha madukani. Humo alijifunza jambo ambalo yafaa tulishike: mota ndogo yaweza kutoa nguvu kubwa kuliko umbo lake, mradi ifanye kazi kwa muda mfupi kisha ipumzike. Ndivyo stata ilivyo hata leo. Ni kama mchukuzi awezaye kuinua gunia la kahawa kutoka chini hata begani, lakini hawezi kulishika juu kwa mikono yake kutwa nzima.

Msomaji apate kuelewa ukubwa wa kazi hiyo, na afikiri hivi. Taa moja kubwa ya mbele yenye balbu ya kawaida hutumia umeme wa ampea 5 hivi. Stata ya motokaa ndogo ya petroli yaweza kutumia ampea 100 hata 200, yaani kama taa 20 hata 40 zikiwashwa pamoja. Na stata ya gari la dizeli hutumia zaidi. Umeme mwingi namna hiyo hautaki waya uliolegea wala kutu.

Tena ufunguo ukigeuzwa, umeme kidogo hufika kwenye sumaku iliyofungwa juu ya stata. Sumaku hiyo hufanya kazi mbili kwa mara moja. Kwanza, husukuma mbele gia ndogo, ambayo mafundi huiita bendeksi, ishikane na meno ya gurudumu kubwa la injini, yaani flaiwili. Pili, hukutanisha vipande vya shaba, ili umeme mkubwa wa betri uingie katika mota. Ndani ya mota, umeme huo hupitia katika vipande vya kaboni vinavyosugua shaba inayozunguka. Basi humo mna vitu vinne vinavyolika kila siku: shaba za sumaku, kaboni, bendeksi, na bushi zinazoushika mhimili. Kila kimoja kikilika hutoa ishara yake.

DALILI ZENYEWE

Dalili ya kwanza ni sauti moja, ko! kisha kimya. Ufunguo umegeuzwa, sumaku imeruka, lakini mota haizunguki. Mara nyingi shaba za sumaku zimeungua, au kaboni zimekwisha.

Dalili ya pili ni kuitika leo na kukataa kesho. Asubuhi motokaa yawaka vizuri, adhuhuri sokoni Muleba yakataa, na ufunguo ukigeuzwa mara tatu au nne yawaka tena. Mwenyewe hufurahi, husema, Imepona. Haikupona hata kidogo. Kaboni zilizolika hugusa shaba mahali pamoja na kukosa mahali pengine. Wengine stata yao hukataa injini ikiwa ya moto tu, kisha huitika ikipoa. Hii ndiyo dalili inayodharauliwa kuliko zote, nayo ndiyo yenye faida kuliko zote, maana hutupa majuma kadhaa ya kujitayarisha.

Dalili ya tatu ni uvivu. Injini huzungushwa polepole, kama mtu aliyeamshwa katikati ya usingizi. Yaweza kuwa betri imepungua nguvu. Yaweza pia kuwa bushi zimelika, mhimili umeinama, na mota yajisugua ndani yake yenyewe.

Dalili ya nne ni sauti nyembamba ya kuzunguka kwa kasi, lakini injini haitikisiki. Hapo mota ni nzima, ila bendeksi haishiki, au inateleza.

Dalili ya tano ni sauti ya kusaga, chuma juu ya chuma. Meno ya bendeksi na meno ya flaiwili hayashikani sawasawa. Mtu akisikia sauti hiyo asiendelee kugeuza ufunguo. Bendeksi ni kitu kidogo, lakini flaiwili ikiharibika meno, fundi hana budi kushusha gia boksi ili aifikie, na gharama yake ni kubwa zaidi sana.

Dalili ya sita ni harufu ya kuungua, au moshi. Acha mara moja. Na ikiwa injini imekwisha kuwaka lakini stata yaendelea kulia, zima motokaa. Isipokoma, fungua upesi waya wa betri, maana shaba zimegandamana na mota itaungua.

JE, NI STATA AU NI BETRI?

Hapa ndipo watu wengi wapotezapo fedha zao. Motokaa imekataa, mmoja asema betri, mwenyewe akauza kahawa yake akanunua betri mpya, na kesho yake motokaa yakataa vile vile. Mwingine naye hununua stata, kumbe kilichokuwa na kutu ni kichwa cha betri. Kabla ya kununua kitu cho chote, na afanye jaribio lifuatalo, ambalo halina gharama, na ambalo hata kijana wa nyumbani aweza kusaidia.

Vuta breki ya mkono, uweke gia huru. Kama motokaa ni ya gia zinazojibadili zenyewe, hakikisha kwamba mkono wa gia upo penye P au N, na mguu uko juu ya breki. Maana motokaa nyingi za namna hiyo hukataa kabisa kama sharti hilo halikutimizwa, wala si ugonjwa. Kisha washa taa kubwa za mbele. Mtu mmoja na asimame kando, wala asisimame mbele ya motokaa, atazame taa; na mwingine ageuze ufunguo.

Taa zikififia sana au kuzimika, na ikisikika sauti ya haraka haraka, ka-ka-ka-ka, basi aghalabu kosa liko kwa betri, au vichwa vyake vimelegea au vimeota kutu. Taa zikibaki kali vile vile, na ikasikika ko! moja, au kukawa kimya kabisa, betri haina kosa. Tazama stata, sumaku yake, waya zake, au swichi ya ufunguo. Na kama betri imejazwa vema, lakini taa zafifia sana na injini yazunguka kwa shida, huenda stata imekaza ndani na kula umeme kupita kiasi, ama injini yenyewe ina ugonjwa.

Fundi mwenye mita ya umeme ataweza kusema kwa hakika zaidi. Betri nzima iliyojaa, motokaa ikiwa imepumzika, huonyesha volti 12.6 hivi. Wakati stata inapozungusha injini hesabu hiyo hushuka. Lakini ikishuka chini ya volti 9.6 hivi, betri yenyewe na ichunguzwe kwanza. Njia nyingine ni kuunganisha betri ya motokaa ya jirani kwa waya nene. Injini ikizunguka kwa nguvu, kosa lilikuwa kwa betri. Sauti ya ko! ikibaki ile ile, stata ndiyo yenye kushukiwa, au waya zake.

Twaonya pia kwamba betri hutoa hewa inayoweza kulipuka. Mtu asiimulike kwa koroboi wala kwa kiberiti, wala asivute sigara karibu nayo. Tochi ipo kwa kazi hiyo.

HATARI YA KUSUKUMA NA YA KUTEREMSHA

Katika nchi yetu ya vilima iko desturi ambayo twataka kuinena wazi. Mtu ambaye stata yake imekufa hutafuta mahali penye mteremko, akaegesha motokaa huko jioni, ili asubuhi aiachie ishuke yenyewe, atie gia ya pili, aachie klachi, nayo iwake. Kwa motokaa ya gia za mkono jambo hili lawezekana, na siku ya taabu ni msaada. Lakini kulifanya kuwa desturi ya kila siku ni kujaribu hatari.

Maana injini ikiwa imezimika, breki hazisaidiwi tena na nguvu ya injini. Dereva akikanyaga mara mbili tatu, kile kilichosalia cha msaada huo hwisha, na breki huwa ngumu mno. Usukani nao huwa mzito. Tena aliyeachia motokaa bila kufungua ufunguo, usukani waweza kujifunga asiweze kukata kona. Sasa mtu na afikiri miteremko ya Kamachumu wakati wa mvua, udongo ukiwa unateleza, na watoto wakitembea kando ya njia kwenda shule. Je, afadhali fedha za kaboni, au majuto ya maisha? Na motokaa za gia zinazojibadili zenyewe, ambazo ni nyingi sana siku hizi, haziwaki kwa kusukumwa; wanaosukuma hujichosha bure.

Wengine huigonga stata kwa nyundo, nayo huitika. Ni kweli kwamba pigo dogo laweza kusogeza kaboni zikagusa shaba tena. Lakini hilo ni kumpiga kofi mgonjwa ili aamke. Stata nyingine zina sumaku ndani yake ambazo hupasuka zikipigwa kwa nguvu. Aliyelazimika kugonga usiku ili mgonjwa apelekwe, na agonge polepole, breki ya mkono ikiwa imevutwa, wala asiingie chini ya motokaa iliyoinuliwa kwa jeki peke yake. Na akifika, asizime motokaa mpaka amejua namna ya kurudi. Na kesho yake aende kwa fundi bila kukawia.

TUSIMSINGIZIE JIRANI

Lipo jambo moja zaidi, nalo lahusu roho. Motokaa ikikataa usiku ule ule mgonjwa anapongoja, yuko atakayenong'ona ya kwamba mtu fulani mwenye kijicho ameifunga. Ndugu zetu, tusikubali neno hilo liingie katika nyumba ya Mkristo. Kaboni haimjui jirani. Imelika kidogo kidogo kwa miaka, kila mara ufunguo ulipogeuzwa, na ilipokwisha ilikwisha. Tena, tukiuliza vema, twaona kwamba stata hiyo ilikuwa imesema mwezi mzima: ilikataa sokoni, ikakataa kanisani baada ya ibada, ikakataa mara nyingine nyumbani, ila hakuna aliyeisikiliza. Kumlaumu jirani kwa jambo ambalo masikio yetu wenyewe yalilipuuza ni dhambi juu ya uzembe, nayo huvunja upendo kati ya nyumba mbili ambazo kesho zitahitajiana.

Wako pia wasemao, Motokaa yangu imebarikiwa na padre, haitaniangusha. Baraka ni jambo jema, nasi twaiheshimu. Lakini wale wanawali watano wenye busara walimngoja bwana arusi kwa imani, na pamoja na imani walichukua mafuta ya taa zao. Sala haimwondolei mtu kazi ya kuangalia.

UTUNZAJI

Basi, haya ndiyo tunayowashauri. Usigeuze ufunguo zaidi ya nukta 10 kwa mara moja. Injini isipowaka, ngoja dakika moja au mbili ndipo ujaribu tena, ili stata ipoe. Ikikataa mara kadhaa huku inazunguka vizuri, kosa si la stata. Tafuta katika mafuta au katika umeme wa kuwashia. Safisha vichwa vya betri. Ule ungaunga mweupe au wa kijani huondoka kwa maji ya moto na soda ya kupikia, baada ya kufungua kwanza waya wa hasi. Waya wa ethi unaounganisha injini na mwili wa motokaa nao usisahauliwe, maana hapa kwetu mvua ni nyingi, na kutu haina likizo. Oili ikivuja juu ya stata, ziba mahali inapovuja, maana oili huharibu kaboni.

Na siku ya kwenda kwa fundi, si lazima kununua stata nzima. Kaboni, shaba, bendeksi na bushi zaweza kubadilishwa kila kimoja peke yake. Mwombe fundi akuonyeshe kilicholika, tena aijaribu stata mezani kwa betri nzima kabla ya kuifunga tena mahali pake. Fundi mwaminifu hatakasirika.

Neno la mwisho ni kwa wauzao na wanunuao. Anunuaye motokaa iliyotumika na aende asubuhi, aguse boneti kwanza. Ikiwa ya moto, huenda mwenyewe ameiwasha mapema ili kuficha uvivu wake. Na aijaribu mara tatu: ikiwa baridi, baada ya kutembea, na baada ya kuzimwa kwa dakika 10. Na auzaye, kama ni Mkristo, na aseme wazi, Stata yangu yasumbua. Kisha bei ipunguzwe kwa haki. Fedha zilizopatikana kwa kunyamaza zaweza siku moja kumwacha mtoto wa mwenzako njiani usiku.

Basi, akina baba, sikilizeni motokaa zenu kila asubuhi. Akina mama na watoto, nanyi sikilizeni mkiwa jikoni au uani, mkisikia ko! na kimya, mwambieni mwenye nyumba siku ile ile, wala asione aibu kuambiwa. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutanena habari za breki.

Mungu awalinde ninyi nyote, walio nyumbani na walio safarini.